Bakteria wa tumboni: acheni kujinunulia antibayotiki kila mnapoharisha

Hawa bakteria wa tumboni wana kazi gani?
Wako matrilioni, wengi wao kwenye utumbo mpana. Huchachusha nyuzinyuzi ambazo sisi wenyewe hatuwezi kuzimeng'enya, na humo hutoka asidi zinazolisha ukuta wa utumbo. Hutengeneza pia vitamini K. Tena wakiwa wengi, vijidudu vya maradhi hukosa pa kukaa.

Probayotiki na prebayotiki?
Probayotiki ni vijidudu hai vyenye faida unavyokula au kumeza, kwa mfano kwenye mtindi. Prebayotiki ni chakula cha wale ulio nao tayari: vitunguu, maharage, nafaka zisizokobolewa. Kwa mtu mzima asiye na ugonjwa, anzia kwenye chakula kabla ya kukimbilia vidonge.

Nikiharisha, nimeze antibayotiki?
Hapana. Mara nyingi kuharisha kwa ghafla huletwa na virusi, na antibayotiki haiui virusi. Inachoua ni bakteria wako wazuri, na wale sugu, yaani ambao dawa haiwaui tena, wanabaki wakizaana. Wagonjwa wa namna hii tunawapokea kila mara: mtu anafungua kikaratasi chenye vidonge viwili vilivyosalia, hajui ni vya nini, jirani ndiye aliyempa.

Mbona mara ya mwisho nilimeza nikapona?
Ungepona hata bila hivyo vidonge. Kuharisha kwa virusi huisha kwenyewe baada ya siku chache. Jibu bado ni hapana.

Nikimeza pamoja na probayotiki?
Hapana, tafadhali. Baadhi ya probayotiki hupunguza uwezekano wa kuharisha kunakoletwa na antibayotiki, lakini haziondoi usugu. Dawa uliyoandikiwa baada ya kupimwa ni jambo jingine. Hiyo itumie kama ulivyoelekezwa.

Nilimaliza dozi wiki mbili zilizopita, sasa naharisha maji mara kwa mara.
Njoo kituo cha afya leo, na useme ulitumia dawa gani. Bakteria wazuri wakishafagiliwa, anaweza kushamiri mmoja aitwaye Clostridioides difficile, ambaye sumu yake huumiza utumbo mpana hata kuua. Usimeze dawa ya kufunga choo. Na usiongeze antibayotiki nyingine kutoka duka la dawa. Ukiwa na homa, damu kwenye choo au tumbo limevimba na kuuma, usingoje kukuche.

Mtoto anaharisha. Nimpe mtindi kwanza nione?
Mpe ORS (maji yenye chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini) kwanza, kidogo kidogo, na aendelee kunyonya. Muulize mhudumu kuhusu zinki. Probayotiki hairudishi maji yaliyopotea. Ifinye kidogo ngozi ya tumbo lake kisha uiachie: ikichelewa kurudi, au macho yamedidimia, au amelegea hataki kunywa, mpeleke hospitali sasa hivi. Wengi huletwa siku ya tatu, wakiwa wameshapewa kila kitu isipokuwa maji.

Kuna asiyefaa kupewa probayotiki?
Wapo: mtoto njiti, aliye kwenye matibabu ya saratani, yeyote ambaye kinga yake imeshuka sana. Kwao vijidudu hivyo hai vinaweza kuingia kwenye damu. Waulize kwanza wanaomtibu.