Riwaya pendwa za Kihindi: yanayosemwa na yaliyomo

Wapenzi wa filamu za Kihindi ni wengi kwetu, lakini wanaofungua riwaya za lugha hiyohiyo ni wachache mno. Kinachowazuia, naona, ni mambo wanayoyaamini kabla hawajajaribu.

"Kihindi cha vitabuni ni kigumu, kimejaa Kisanskriti."

Kihindi kizito, kilichojaa hiyo lugha ya kale ya India, ni cha taarifa za habari na nyaraka za serikali. Riwaya pendwa huandikwa kwa lugha ya mtaani, iliyosheheni maneno ya Kiarabu na Kiajemi ambayo sisi pia tunayo: kitab, kalam, wakt, duniya, khabar, hisab, dukan, rang. Riwaya ya upelelezi huitwa *jasusi upanyas*, na hilo neno la kwanza halihitaji mkalimani. Jihadhari tu na yanayofanana sura bila kufanana maana: *mahal* si mahali, ni jumba la kifalme.

Hata hati ya Devanagari haitishi kama inavyoonekana. Aliyefundishwa ba-be-bi-bo-bu tayari ana ufunguo, kwa kuwa kila konsonanti huja na "a" yake ndani, kisha alama ndogo huigeuza kuwa "i", "u" au "e". Mtego ni mmoja: "a" ya mwisho wa neno kwa kawaida haitamkwi. Huandikwa ki-ta-ba, husomwa *kitab*. Mswahili, aliyezoea kumalizia kwa vokali, itamchukua muda kuumeza mwisho huo.

"Ni filamu tu zilizogeuzwa vitabu."

Mara nyingi safari ilikuwa ya upande wa pili. Gulshan Nanda alikuwa bingwa wa riwaya za mapenzi, na *Kati Patang*, filamu ya Rajesh Khanna na Asha Parekh, ilitokana na kitabu chake. *Sabse Bada Khiladi* ya Akshay Kumar, mwaka 1995, ilitoka kwenye riwaya ya Ved Prakash Sharma wa Meerut, mji uliokuwa makao makuu ya wachapishaji wa vitabu hivi.

"Ni takataka."

Dharau hii ilianzia kwenye karatasi. Vitabu vilichapwa kwenye karatasi hafifu ya rojo, yaani uji wa kutengenezea karatasi, kwa Kihindi *lugdi*, vikauzwa kwa bei ya chini kwenye vibanda vya stesheni za treni. Wasomi wakaviita *lugdi sahitya*, fasihi ya rojo. Zipo zilizoandikwa kwa kulipua, sikatai. Lakini Surender Mohan Pathak, aliyezaliwa mwaka 1940, ameandika karibu riwaya 300, nyingi akiwa bado mwajiriwa wa kiwanda cha simu, na visa vyake vimefumwa kwa mkono wa fundi.

"Zimeshakufa."

Vibanda vya stesheni vimepungua kweli, televisheni na simu zimechukua wasomaji. Ila kuna kizazi kipya, akina Satya Vyas na Divya Prakash Dubey, wanaoandika juu ya mabweni ya vyuo, ajira na mapenzi ya mijini, kwa Kihindi kilichochanganywa na Kiingereza kama vijana wanavyozungumza. Kwa anayeanza, hata hivyo, bado ningemtanguliza Sunil wa Pathak, mwandishi wa habari wa gazeti la *Blast* katika mji wa kubuni wa Rajnagar: mazungumzo ni mengi, sentensi ni fupi, na maiti haikawii kuonekana.