Neno Hutangulia Jicho: Lugha Inavyoongoza Usomaji wa Hisia Usoni

Tamka neno "hasira" kwa sauti mara 30 mfululizo. Ukifika mwisho utaona neno limebaki mlio mtupu. Kwa muda mfupi maana yake imekuponyoka. Mwaka 2006 Kristen Lindquist, Lisa Feldman Barrett na wenzao nchini Marekani waliitumia hali hiyo katika utafiti. Mshiriki alirudia neno la hisia mara 30, kisha akaonyeshwa nyuso mbili na kuulizwa kama zinaonyesha hisia moja. Mara nyingine neno lilirudiwa mara 3 tu, kiasi cha kuliamsha akilini. Neno lilipochoshwa, watu walichelewa kujibu na walikosea zaidi, ingawa swali halikuwataka wataje neno lolote. Nyuso zilikuwa mbele ya macho yao, zinaonekana vizuri. Kilichopungua ni neno.

Sababu iko usoni penyewe. Nyusi hukunjwa na misuli midogo iliyo juu ya macho, na misuli hiyo huikaza mtu aliyekasirika, anayepiga hesabu ngumu, anayeumwa kichwa na anayetembea kwenye jua la saa saba. Mwaka 2019 Barrett na wataalamu wenzake wanne walichapisha mapitio ya tafiti nyingi kuhusu nyuso na hisia. Moja ya mambo yaliyojitokeza ni kwamba watu wenye hasira hukunja uso, kwa wastani, chini ya theluthi moja ya nyakati. Nyakati nyingine hasira hunyamaza, hutabasamu, hata hulia. Kwa hiyo anayeangalia hana budi kujaza kilichokosekana: hujaza kwa anachojua kuhusu tukio, kwa sauti na mkao wa mwili, na kwa neno alilo nalo tayari. (Kwa sababu hiyohiyo kamera zinazodai kusoma hisia za watu zinastahili mashaka makubwa. Umoja wa Ulaya umezipiga marufuku kazini na shuleni tangu tarehe 2 Februari 2025, isipokuwa kwa tiba na usalama.)

Wengi tulifundishwa kwamba kuna nyuso sita zinazoeleweka duniani kote: furaha, huzuni, hasira, hofu, kinyaa na mshangao. Mafundisho hayo yanatokana zaidi na kazi ya Paul Ekman, mwanasaikolojia wa Marekani aliyekwenda mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa Wafore wa nyanda za juu za Papua New Guinea. Mshiriki alisimuliwa kisa kifupi, kisha akachagua picha inayolingana nacho kati ya mbili au tatu. Wengi walichagua kama ilivyotarajiwa, ila hofu na mshangao viliwachanganya. Lakini tazama jinsi mtihani ulivyopangwa. Kisa na hisia vilitoka kwa mtafiti, na picha za kuchagua zilikuwa chache. Mwaka 1994 James Russell alionyesha kwamba mtindo huu wa kumwekea mtu majibu ya kuchagua hupandisha makubaliano; anayeachiwa atumie maneno yake mwenyewe hutawanyika zaidi.

Maria Gendron na wenzake waliyaondoa majibu hayo kabisa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, Wahimba wa kaskazini magharibi mwa Namibia walipewa picha 36 za watu sita, kila mmoja akiwa na nyuso sita: tano za hisia na moja tulivu. Waliombwa wazipange mafungu kwa kadiri wanavyoona. Nyuso zenye tabasamu zilikaa pamoja, zenye macho yaliyokodolewa pamoja, na zilizotulia pamoja. Zile ambazo mtafiti angeziita huzuni, hasira na kinyaa zilichanganyika. Na walipoulizwa mafungu hayo ni ya nini, mara nyingi Wahimba walitaja tendo: hawa wanacheka, hawa wanaangalia. Karibu nasi zaidi, Carlos Crivelli na wenzake walifanya utafiti wa nyuso kwa Wamwani wa kisiwa cha Matemo, kaskazini mwa Msumbiji, ambao lugha yao ni ndugu wa karibu wa Kiswahili. Huko pia tabasamu lilikubaliwa na wengi kuwa furaha; nyuso nyingine ziligawanya watu.

Ushahidi wa upande wa pili upo na haufai kufichwa. Mwaka 2011 Disa Sauter na wenzake waliwapima wasemaji wa Kimaya cha Yucatán, Meksiko, ambao hawatenganishi hasira na kinyaa kwa maneno. Walipoonyeshwa picha zilizochanganywa hatua kwa hatua kutoka uso mmoja hadi mwingine, waliuona mpaka kati ya nyuso hizo sawa na wasemaji wa Kijerumani. Kwa hiyo jicho si kipofu bila neno. Kwa uzito wa tafiti zote, tunaona neno hufanya kazi kubwa pale uso unapokuwa na utata na muda wa kuangalia ni mfupi, na hivyo ndivyo nyuso nyingi tunazokutana nazo zilivyo.

Kwa watoto jambo hili ni zito zaidi. Mtoto wa miaka miwili hadi mitatu huanza kutaja furaha usoni, kisha hasira na huzuni. Hofu na mshangao huja baadaye, na uso wa kinyaa watoto wengi huendelea kuuita hasira hata wakiwa wameanza shule. Russell na Sherri Widen waliwapa watoto masanduku ya kuwekea picha. Lililotambulishwa kwa neno liliwasaidia kupanga vizuri kuliko lililobandikwa picha ya uso wenyewe. Basi mzazi au mwalimu wa chekechea asitegemee mabango ya nyuso peke yake. Alitaje neno palepale tukio linapotokea, pamoja na sababu: "Amekunja pua kwa kuwa maziwa yamechacha; anaona kinyaa." Afundishe maneno mawili yanayokaribiana kwa kuyalinganisha, kama hofu na mshangao, na asiridhike na "anajisikia vibaya", kwa sababu neno hilo hubeba kila kitu.

Neno likitolewa mapema mno huharibu. Jamin Halberstadt na Paula Niedenthal waligundua mwaka 2001 kwamba mtu akiambiwa aeleze kwa nini uso fulani wenye utata una hasira, baadaye huukumbuka ukiwa na hasira kuliko ulivyokuwa. Mtoto aliyeinamisha kichwa mbele ya mwalimu anaweza kuwa na njaa, haya, homa, au anaonyesha heshima tu kama alivyolelewa. Akishaambiwa "mbona umenuna?", kila anayesikia ataona kununa. Mwalimu, mshauri au askari anayeandika taarifa aanze na kilichoonekana: nyusi, macho, mdomo, kichwa, sauti. Kisha aandike kilichotokea muda mfupi kabla. Jina la hisia lije mwisho, na liwe la mhusika mwenyewe kwanza: "Naona umeinamisha kichwa. Kuna nini?"

Hospitalini kosa hili lina madhara ya moja kwa moja. Kipimo cha maumivu cha watoto kiitwacho Faces Pain Scale-Revised, kilichochapishwa mwaka 2001, kina nyuso sita zenye alama 0, 2, 4, 6, 8 na 10, na kinafaa kuanzia miaka minne hivi. Uso wa kwanza hautabasamu na wa mwisho hauna machozi, kwa makusudi: tabasamu na machozi humfanya mtoto achague furaha au huzuni badala ya maumivu. Muuguzi asiseme "furaha" wala "huzuni" anapoeleza. Aoneshe uso wa kushoto kabisa: "Huyu haumwi hata kidogo." Apitishe kidole kuelekea kulia: "Hawa wanaumwa zaidi na zaidi, mpaka huyu anayeumwa sana." Halafu aulize: "Wewe sasa hivi unaumwa kama nani?" Kinachopimwa ni jinsi mtoto anavyosikia ndani, si sura yake inavyoonekana; anayecheka akaonyesha 8 aandikiwe 8.