Darubini hazipelekwi angani ili zisogelee nyota

Watu wengi bado wanadhani darubini ya Hubble ilirushwa juu mwaka 1990 ili iwe karibu na nyota, hapana jamani. Hubble iko kilomita 500 na kidogo tu toka hapa chini, wakati nyota ya karibu zaidi ukiacha Jua, Proxima Centauri, iko kama kilomita trilioni 40, sasa hapo umesogea nini? Shida ni hewa yetu. Inatikisika, ndo maana nyota zinametameta na picha zinakuwa na ukungu, halafu inazuia eksirei na sehemu kubwa ya infraredi (aina za mwanga usioonekana kwa macho) toka angani zisifike chini. Darubini ya James Webb ndo iko mbali kidogo, kilomita milioni 1.5, sababu inasoma infraredi, yaani joto, na Dunia nayo ina joto lake linaloharibu vipimo.