Tunaogopa programu huria halafu tunaamini ya kraki: dhana ninazokutana nazo hapa Lamu

Nafanya kazi saiba hapa Langoni, na haipiti wiki bila mtu kuniletea laptopu aniambie niwekee Windows. Nikimuuliza leseni iko wapi anashangaa, leseni gani tena, si unayo kwenye flashi? Ile ya flashi ni kraki, kuna mtu tusiyemjua kavunja kufuli lake, lakini yeye anaiamini kabisa. Nikimwambia kuna Linux Mint, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, ni programu huria, yaani kodi yake (yale maandishi ya maprograma yanayoiunda) iko wazi kwa yeyote kuisoma na kuibadilisha, ni halali na haina malipo, ananitizama kama nataka kumuibia. Hili linaniuma sana, ndo maana nimekaa niziandike hizi dhana na nizijibu.

"Cha bure kina vairasi." Hii ndiyo kubwa kuliko zote na ukweli ni kinyume chake. Kraki ndiyo inayokuambia zima antivairasi kwanza ndipo niingie, sasa mtu akikuambia toa komeo la mlango usiku nipite utamfungulia? Nina mteja ana gesti, aliwekewa programu ya hesabu ya kraki, asubuhi moja mafaili yote yamefungwa, orodha ya wageni, risiti, picha za vyumba, na ujumbe wa kudai pesa kwenye skrini. Nilikaa na ile mashine siku mbili, sikuokoa hata faili moja. Programu huria haina kufuli la kuvunja kwa hiyo kraki haihitajiki, unaitoa kwenye ghala la programu la Mint yenyewe au kwenye tovuti ya wenyewe, basi.

"Lakini kodi ikiwa wazi si wezi nao wanaisoma?" Ndio wanaisoma, na sisemi haina makosa. Mwaka 2014 lilionekana tundu kubwa kwenye OpenSSL, programu huria ya kulinda mawasiliano ya tovuti, likaitwa Heartbleed, tovuti nyingi mno zikabidi zirekebishwe. Tena Machi 2024 kuna mtu alikuwa kapachika mlango wa siri ndani ya xz, programu ya kubana mafaili. Aliyeugundua ni Andres Freund, injinia wa Microsoft, aliona kuingia kwenye seva kunachelewa kama nusu sekunde hivi, akafuatilia, na kwa kuwa kila kitu kiko wazi aliweza kuchimba mpaka akaufikia, dunia nzima ikaambiwa kabla haujasambaa sana. Kwenye programu iliyofungwa ungemsubiri mwenyewe akuambie, akipenda.

Kuna wanaodhani bure na huria ni kitu kimoja, si kweli. Chrome ni ya bure lakini si huria, Chromium iliyo chini yake ndiyo huria. Na leseni ya programu huria kama GPL haikatazi mtu kuuza, kwa hiyo mimi nikikutoza kwa kukuwekea Linux nakutoza ufundi wangu, sijakuuzia kitu cha watu.

"Faili za Word hazitafunguka." Zinafunguka, LibreOffice, programu huria ya kazi za ofisi, inasoma docx, yaani faili za Word. Kinachovuruga mpangilio mara nyingi ni fonti, barua iliandikwa kwa Calibri na mashine yako haina, ukiweka Carlito ambayo herufi zake zina upana uleule mistari inarudi mahali pake. Faili zenye makro nzito, zile amri zinazojiendesha zenyewe ndani ya faili, ndizo zinasumbua kweli, hapo sikufichi, mhasibu anayeishi kwa makro za Excel namwambia abaki huko na alipie leseni. Lakini ustadh mmoja wa madrasa alikuja anataka kuchapa masomo, Kiarabu upande huu Kiswahili upande ule, nikamuwekea LibreOffice na fonti ya Amiri ambayo nayo ni huria, herufi zikatoka na irabu zake zimekaa sawa. Alifurahi mpaka akaniombea dua palepale.

"Linux ni ya maprograma." Simu yako ya Android ndani yake ni kerneli (kiini cha mfumo) ya Linux, ileile aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 1991, na hujawahi kuandika amri hata moja. Tena sasa hivi hili lina uzito, Microsoft ilimaliza kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na laptopu nyingi za mitumba tunazonunua huku hazikidhi masharti ya Windows 11. Mashine nzima, kioo kizima, kibodi nzima, uitupe? Ikiwa na ram ya GB 4 Mint inatembea vizuri tu.

"Websaiti ya maana lazima ununue programu." Wenye gesti za Shela wananiuliza sana hii. WordPress, programu ya kujengea tovuti, ipo tangu 2003, ni huria, na zaidi ya asilimia 40 ya tovuti za dunia zinaitumia. Utalipia jina la tovuti na mahali pa kuihifadhi, hayo hayakwepeki. Kujenga unajengea hapahapa kwenye laptopu yako kwa XAMPP, inayoifanya laptopu iwe seva yako ya majaribio, intaneti ikikatika unaendelea, ikirudi unapandisha. Picha za vyumba punguza kwa GIMP, nembo chora kwa Inkscape. Ila tafadhali, zile themu (sura za tovuti zilizotengenezwa tayari) za kulipia zinazogawiwa bure huko mitandaoni msiziguse, ni kraki ileile kwa sura nyingine, mara nyingi ndani kuna mlango wa nyuma, na safari hii anayeibiwa ni mgeni wako anayebuki chumba.

Bado una wasiwasi? Njoo na laptopu yako, nitaiwasha kwa flashi yenye Mint bila kugusa diski wala faili lako. Tutajaribu waifai kwanza maana kuna kadi chache zinazotaka driva ya ziada, halafu sauti, halafu printa. Kikikataa kitu nachomoa flashi, unaiwasha tena na unaikuta Windows yako ilivyokuwa.