Respiromita haipimi kabonidioksidi

"Mwalimu, chombo kimeharibika, wino unarudi ndani." Hakuna mwaka ambao sijayasikia maneno haya darasa la kidato cha pili linapofunga respiromita, chombo cha kupimia upumuaji wa viumbe kwa tone la wino linalosogea katika neli nyembamba, na juzi nimeyasikia kwa mwalimu mwenzangu. Chombo ni kizima. Tatizo ni dhana kwamba kinapima kabonidioksidi anayotoa mdudu, kwa hiyo wino lazima usukumwe nje. Kinachopimwa ni oksijeni anayoitumia.

Fuata hewa yenyewe. Panzi wamo ndani ya neli iliyozibwa, na chini yao, nyuma ya kipande cha shashi, kuna soda laimu. Oksijeni ikiingia mwilini mwa panzi, hewa ya nelini inapungua. Kabonidioksidi inatoka kweli, lakini soda laimu inainyonya, haipati nafasi ya kujaza pengo. Msukumo wa ndani unashuka, na hewa ya nje inauingiza wino kuelekea kwa panzi. Wala si kwamba panzi "wanauvuta kwa pumzi": weka pojo zilizoanza kuota, zisizo na mapafu wala kifua, na wino utaingia vilevile.

Asiyeamini aondoe soda laimu abakishe pojo. Wino utakaribia kusimama pale pale, na hapo wengi huandika kwamba mbegu hazipumui. Zinapumua! Akiba ya pojo kwa wingi ni wanga, na wanga ukitumika, kabonidioksidi inayotoka hulingana na oksijeni iliyoingia. Jaribu ufuta, wenye mafuta mengi: wino utaingia hata bila soda laimu, kwa sababu mafuta hutoa kabonidioksidi kama 0.7 tu kwa kila 1 ya oksijeni. Jaribio hili moja linafundisha kuliko kukariri kurasa kumi, nami nawasihi walimu walifanye.

La pili linalonikera ni neli ya shanga, ile ya kulinganishia isiyo na kiumbe hai, kuachwa kabatini kana kwamba ni pambo. Tuko Mombasa, na madawati ya maabara nyingi yako dirishani. Hewa ya 30 cm³ ikipanda joto kwa nyuzi 1 tu, inatanuka karibu 0.1 cm³. Katika neli nyembamba ya kipenyo cha mm 1, wino umesafiri kama sentimita 13, na hakuna panzi aliyehusika. Kiganja chako kikishika neli kinatosha kuleta balaa hilo. Shanga ziwe na ujazo sawa na wa wadudu, neli zote mbili zikae katika beseni moja la maji, na usubiri dakika 10 kabla ya kufunga klipu inayoziba njia ya hewa ya nje.

Mbegu zilizochemshwa, zinazowekwa mahali pa shanga unapopima mbegu hai, nazo si salama moja kwa moja: bakteria wakizivamia watapumua wao, basi zisuuze kwa dawa ya kuua vijidudu. Na mimea hupumua mchana na usiku. Ukitumia majani, funika neli kwa karatasi ya alumini ili usanisinuru, ambao hutoa oksijeni kukiwa na mwanga, usikuvuruge.

Mwisho, milimita za wino si jibu. Zidisha 3.14 kwa nusu kipenyo, tena kwa nusu kipenyo, kisha kwa umbali, ugawe kwa dakika na kwa gramu za wadudu. Na dakika 20 zikiisha, fungua kizibo uwarudishe panzi nyasini. Oksijeni ya humo haiongezeki.