Barua pepe za matangazo: yanayosemwa barazani na namna mambo yalivyo

Anayeshughulikia maombi ya vyumba katika nyumba ya wageni ya Paje au Nungwi anaijua hali hii: anafungua barua pepe asubuhi, na ile ya mgeni anayeuliza kama kuna nafasi mwezi wa Julai imefunikwa na matangazo ya nauli za ndege, taarifa za programu ya uhasibu iliyojaribiwa mara moja ikaachwa, na jarida la duka la mtandaoni ambalo hakuna anayekumbuka lilianza kuja lini. Lawama hupewa Google, kampuni ya simu au wadukuzi, na kila mtu barazani huwa na dawa yake. Nyingi katika dawa hizo zimejengwa juu ya dhana zisizo sahihi, na baadhi yake humwongezea mgonjwa maradhi.

Dhana: Barua hizi zinakuja zenyewe, mimi sikujiandikisha popote.

Mara nyingi umejiandikisha, ila hukutambua. Mgahawa wa Mji Mkongwe unaotaka anuani yako kabla ya kukufungulia Wi-Fi, tovuti ya tiketi iliyoweka kisanduku chenye alama ya vema tayari chini ya maneno ya kukubali masharti, mtandao wa makala za kitaaluma ambao mwanafunzi wa Tunguu aliufungua kwa ajili ya kupakua makala moja tu: huko kote ruhusa ilitoka, hata kama ilitoka kwa haraka na kwa herufi ndogo. Umoja wa Ulaya, kupitia kanuni zake za ulinzi wa taarifa zilizoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, haukihesabu tena kisanduku kilichotiwa alama kabla kuwa ni ridhaa, lakini tovuti nyingi tunazozitumia hazikutengenezwa kwa kufuata masharti hayo. Ipo pia njia ambayo mtu hakosi hata kidogo: anuani iliyoandikwa wazi kwenye tovuti ya hoteli huokotwa na programu zinazozunguka mtandaoni kukusanya anuani, kisha ikauzwa.

Dhana: Usibonyeze kabisa kiungo cha kujiondoa (unsubscribe), maana utakuwa umejipeleka kwa matapeli.

Hii ndiyo dhana ngumu kuliko zote, kwa sababu nusu yake ni kweli. Ukweli wake uko kwa mtumaji tapeli. Yeye hana orodha ya wateja. Ana mamilioni ya anuani zisizo na uhakika, na anachokitafuta ni kujua ipi ina mtu nyuma yake. Kama vile papasi wa bandarini, yule anayewaandama wageni, ambaye hata ukimjibu kwa ukali amekwishapata alichokitaka, yaani kujua kwamba unasikia, tapeli naye hufurahia kiungo chake kubonyezwa, liwe lengo lako ni kununua au kukataa. Mbaya zaidi, kiungo hicho huweza kukupeleka kwenye ukurasa wa kuibia nywila.

Lakini duka uliloliachia anuani yako wewe mwenyewe, shirika la ndege ulilosafiri nalo au programu uliyoijaribu si tapeli, na kwa watumaji wa namna hiyo kiungo cha kujiondoa ndicho dawa yenyewe. Anayekiogopa hubaki akifuta barua zilezile mwaka baada ya mwaka. Kwa hiyo swali la kuanza nalo si kama kiungo kibonyezwe au kisibonyezwe, bali ni nani aliyetuma. Jina linaloonekana juu ya ujumbe halitoshi kujibu, kwa kuwa yeyote anaweza kuandika jina lolote. Gusa jina hilo ili anuani nzima ijitokeze, kisha usome kilichoandikwa baada ya alama ya @. Ukikuta jina la kampuni unayoijua limeandikwa kwa sifuri mahali pa herufi o, au limefuatiwa na maneno ya ziada yasiyohusika, umekwishapata jibu.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Katika Gmail, kujiondoa kunaweza kufanywa katika sehemu mbili. Moja iko chini kabisa mwa ujumbe, kwa herufi ndogo za kijivu karibu na anuani ya posta ya kampuni, nayo imewekwa na mtumaji mwenyewe. Nyingine iko juu, pembeni mwa jina la mtumaji, na hiyo huwekwa na Gmail kwa kusoma maelezo yaliyofichwa ndani ya ujumbe. Mtumaji anapotumia utaratibu mpya wa kugusa mara moja, ombi lako hupelekwa na mitambo ya Google bila wewe kufungua ukurasa wa mtu. Mwaka 2024 Google na Yahoo zilianza kuwataka watumaji wakubwa waweke utaratibu huo katika matangazo yao. Kwa upande wa Google, mtumaji mkubwa ni yule anayepeleka ujumbe 5,000 au zaidi kwa siku kwenye akaunti za Gmail, naye anatakiwa kutekeleza ombi ndani ya siku mbili. Penye nafasi ya kuchagua, chagua cha juu.

Na ukilazimika kutumia cha chini, ukurasa unaofunguka unaweza kukuomba anuani yako ya barua pepe, nalo si jambo la kushangaza. Sheria ya Marekani inayohusu barua za biashara, iliyopitishwa mwaka 2003, inamkataza mtumaji kumtoza ada anayejiondoa au kumdai taarifa nyingine zaidi ya anuani hiyo. Ukurasa ukitaka nywila, nambari ya kadi au nambari ya kitambulisho, ufunge.

Dhana: Nilijiondoa jana na leo wametuma tena, basi hakuna kinachofanya kazi.

Sheria hiyohiyo ya Marekani inampa mtumaji siku 10 za kazi za kutekeleza ombi, kwa hiyo barua ya kesho yake haithibitishi kitu. Sababu ya pili ni kwamba kampuni moja huwa na orodha kadhaa: ya ofa, ya jarida, ya kumbusho za bidhaa ulizoziacha bila kuzinunua. Ukijitoa kwenye moja, nyingine zinaendelea, mpaka uingie kwenye ukurasa wa mapendeleo na kuziondoa alama zote. Risiti, tiketi na tahadhari za usalama wa akaunti hazimo katika hesabu hii. Hizo si matangazo, na kwa kawaida haziondolewi kwa kiungo hicho. Wala si busara kutaka ziondoke.

Dhana: Kufuta au kumzuia mtumaji kunamaliza mambo.

Kufuta hakumwambii mtumaji chochote. Ujumbe uliofutwa hukaa kwenye tupio siku 30, na muda wote huo unakula nafasi. Nafasi ya bure ya Google ni GB 15, nayo inagawanywa kati ya barua, picha na mafaili yako yote. Ikijaa, barua mpya hazipokelewi, na mgeni aliyetaka chumba hurudishiwa ombi lake bila mwenye nyumba kujua. Kumzuia mtumaji nako kunafanya jambo dogo kuliko watu wanavyodhani: katika Gmail, barua zake zinaendelea kuja, ila hupelekwa kwenye folda ya barua taka (spam). Ni njia nzuri kwa anayekataa kusikia ombi la kujiondoa, si kwa kuanzia.

Kwa anayetaka kupunguza lundo la zamani, kisanduku cha kutafutia cha Gmail kina nguvu kuliko kidole. Andika category:promotions older_than:1y, na matangazo yote yaliyopitisha mwaka yatajipanga mbele yako, uyachague kwa pamoja na kuyafuta, kisha usisahau kumwaga tupio. Kazi hiyo ni rahisi zaidi kwenye kompyuta, na kwa anayeunga bando la siku akiwa Konde au Mkoani, ni heri ifanyike mahali penye Wi-Fi.

Dhana: Njia ya mkato ni kuripoti kila kitu kuwa barua taka.

Kitufe hicho kimewekwa kwa ajili ya usichokiomba na usichokiamini, na kwa matapeli ndicho sahihi. Kukitumia kwa kila mtumaji kuna gharama yake. Chujio hujifunza kutokana na unachokifanya, na ukiripoti matangazo ya tovuti inayokuletea wageni, siku moja uthibitisho wa malipo kutoka tovuti hiyohiyo unaweza kulala kwenye barua taka, ambako hufutwa wenyewe baada ya siku 30. Upande wa pili nao una haki yake kidogo: Google huwataka watumaji wakubwa wasifikishe malalamiko 0.3%, yaani matatu katika kila barua elfu, na jarida dogo la mtu mwaminifu huumia mapema kuliko kampuni kubwa.

Dhana: Ipo programu ya bure itakayosafisha kila kitu.

Zipo, na nyingi hufanya kazi. Lakini ili ikusafishie, lazima uipe ruhusa ya kusoma barua zako zote, pamoja na risiti na mawasiliano ya wageni wako. Mwaka 2017 ilifahamika kwamba Unroll.me, huduma ya bure ya kujiondoa, ilikuwa ikitoa taarifa kutoka risiti za watumiaji kwa kampuni iliyoimiliki, nayo ikiziuza baada ya kuondoa majina. Mwaka 2019 mamlaka ya biashara ya Marekani iliibana kwa kuwapotosha watu juu ya jambo hilo. Kwa maoni yangu, mwenye biashara anayeshika taarifa za watu wengine hana haja ya hatari hiyo.

Dhana: Sheria za mambo haya ni za Wazungu.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ndani yake imo haki ya kumtaka anayeshika taarifa zako aache kuzitumia kwa kukutangazia biashara. Kwa Zanzibar imewekewa mpaka, kwamba haigusi mambo yasiyo ya Muungano. Ombi la maandishi kwa kampuni ndilo la kutangulia, na ikipuuza, ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya kupokea malalamiko.

Dhana: Nikijiondoa kwenye barua, na malipo yanasita.

Hapana, na hii ndiyo inayowatoa watu pesa. Kiungo cha kujiondoa kinasimamisha barua tu. Huduma uliyoijaribu bure kisha ukaiunganisha na kadi itaendelea kukata kila mwezi, safari hii bila hata matangazo ya kukukumbusha kuwa bado ipo. Usajili wa malipo unasitishwa ndani ya akaunti ya huduma yenyewe, au, kwa uliolipiwa kupitia simu ya Android, katika sehemu ya malipo na usajili ya Play Store. Kuifuta programu kwenye simu hakuusitishi.