Umenunua TV ya HDR, picha ikawa giza: shida si PS5

Nimeletewa tena swali lilelile: "Fundi, nimechukua TV mpya ya 4K HDR, nimechomeka PS5, picha imekuwa giza kuliko kwenye ile ya zamani. PS imeharibika?" Haijaharibika. Hiyo TV inapokea HDR (picha yenye mwanga mkali zaidi na weusi mzito zaidi kuliko ya kawaida), kuionyesha haiwezi, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Nafunga TV Arusha na Moshi, na hakuna swali linaloniuma kama hili, maana linapofika kwangu hela imeshatoka.

Boksi likiandikwa HDR10 linakuambia kwamba TV inaielewa picha ya HDR inayotoka kwenye mashine. Basi. Halisemi taa zake zina nguvu kiasi gani, wala weusi wake ni mweusi au wa kijivu.

Sasa kwa nini giza? Picha ya kawaida, yaani SDR, hutayarishwa kwa kiwango cha niti 100 hivi (niti ni kipimo cha mwanga wa skrini), na TV yako ya zamani iliichukua ikaipandisha mpaka mwisho wa taa zake. Ukaizoea hivyo. HDR10 haifanyi kazi hivyo: kila namba kwenye picha inataja niti kamili, na kipimo chenyewe kinafika niti 10,000. Jua kwenye gemu linaweza kuagizwa niti 1,000 au zaidi, ukuta wenye kivuli ukaagizwa chache sana. TV nyingi za bei ya chini zinaishia kwenye niti 250 mpaka 350. Ikiagizwa 1,000 lazima ibane. Nyingine zinashusha picha nzima ili jua lipate nafasi, na hapo uso wa mchezaji wako unazama kizani. Nyingine zinakata juu, wingu linageuka doa jeupe. Kwa TV ya namna hiyo ushauri wangu ni mmoja: ingia mipangilio ya PS5, zima HDR, cheza SDR. Utaona picha nzuri zaidi, na hakuna aibu yoyote.

Na hata niti zikiwepo, bado. TV ya LCD ina taa nyuma ya paneli (kioo chenye picha) au pembeni mwake. Zisipogawanywa kwa kanda, ni sawa na nyumba nzima kuwa na swichi moja: ukitaka mwanga jikoni, chumbani nako kunawaka. Mchezaji akiwasha tochi pangoni, TV inawasha taa zote na pango linakuwa la kijivu. Hiyo si HDR, hata boksi liandikwe mara ngapi. Unachotafuta ni taa za nyuma zenye kanda nyingi zinazojipunguza kila moja kivyake (ndiyo kazi ya Mini-LED), au OLED, ambako kila pikseli, yaani kila nukta ya picha, inajizima yenyewe.

Watu wananidai namba. Kwa LCD nasema anzia niti 600 kwenye eneo dogo la skrini, na 1,000 ndipo raha ilipo. Lakini namba hiyo siiamini peke yake. OLED ya niti 700 kwenye chumba chenye pazia zito inaipita LCD ya niti 1,000 yenye kanda chache, kwa sababu jicho linapima tofauti kati ya mwanga na weusi, halipimi mwanga tu. Uipeleke OLED hiyohiyo kwenye sebule yenye dirisha kubwa, saa nane mchana wa Januari, na nitasita. Hapo nachagua Mini-LED.

Kwa kibanda cha gemu nasita zaidi. Mpira unachezwa kutwa, ubao wa magoli umekaa kona ileile, na OLED inaweza kubaki na alama. Kinga yake ni kwamba TV inajisafisha ikiwa imezimwa kwa rimoti huku waya wa umeme ukiwa bado kwenye soketi. Sisi tuna desturi ya kuzima ukutani kila usiku, na ukizima ukutani usafi huo haufanyiki. Ukinunua OLED, zima kwa rimoti, iache kwenye stabilaiza, lala.

Dukani usikubali video ya maua na kasuku inayozunguka kwenye skrini. Video hiyo imechaguliwa ili kila TV ipendeze. Nenda na flashi yenye kipande cha HDR cha usiku chenye maandishi meupe chini. Mwombe kijana wa duka, kwa heshima, atoe TV kwenye modi ya duka aweke ya nyumbani. Kisha tazama pembeni mwa yale maandishi. Ukiona ukungu wa kijivu umetanda mpaka ukingoni mwa skrini, hakuna kanda hapo. Ukiona ukungu mdogo ulioshikamana na herufi, kanda zipo. Usipoona kitu, ni OLED. Andika namba kamili ya modeli pamoja na inchi, kwa sababu modeli moja inaweza kuwa na paneli tofauti kwa kila ukubwa. Na kama hela haitoshi, chukua inchi 55 yenye kanda, achana na 75 isiyo nazo. Najua shemeji zako watasifia ile 75.

Mengine kwa haraka. PS5 haitoi Dolby Vision (aina nyingine ya HDR) kwenye gemu, inatumia HDR10, kwa hiyo usiikatae Samsung kwa sababu tu haina Dolby Vision. Xbox Series X inayo. Maneno "HDMI 2.1" nayo hayatoshi, uliza kama tundu la HDMI linapokea 4K kwa 120Hz (picha 120 kwa sekunde), na ni matundu mangapi. Kwenye TV nyingi ni mawili, na moja kati yake ndilo la spika ya sauti.

Ukishafika nyumbani, ingia menyu ya TV uruhusu tundu hilo lipokee picha kamili, maana kwenye TV nyingi linakuja limefungwa. Weka modi ya gemu, pedi isichelewe. Kama TV ina chaguo la HGIG, liwashe: linaizuia TV isipange mwanga upya juu ya mpangilio wa PS5. Ndipo ufungue kurasa za kurekebisha HDR kwenye PS5. Mbili za kwanza zinahusu mwanga mkali: ongeza mpaka alama ionekane kwa shida, kisha bonyeza mara moja ipotee, hapo hapo uache. Usiendelee kubonyeza kwa sababu namba bado inapanda. Ukipitiliza, gemu inatuma mwanga ambao paneli yako haina, na mawingu yote yanaungua. Ukurasa wa tatu ni wa giza, na kwenye OLED ushushe mpaka mwisho.